Chai ya maziwa juu ya bodi: nilichojifunza Birere kuhusu laptopu iliyolowa

Ukimwaga chai juu ya laptopu, chai yenyewe haina haraka ya kuiua. Kinachoua ni umeme unaoendelea kupita mle ndani kungali na unyevu, pamoja na siku zinazopita kabla mtu hajaifungua. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila kitu nilichojifunza katika kazi hii kinatoka hapo, na kwa sababu hapa Goma bado naona mashini nzuri zinatupwa ambazo zingepona.

Mimi ni fundi mwanafunzi. Kazi niliyoizoea ni simu: kubadilisha vioo, betri, sehemu za chaji. Nafanyia kwenye kibanda kimoja Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, chini ya mzee mmoja aliyeanza zamani na redio, ambaye wote tunamwita Muzee. Laptopu nilikuwa nazifungua kuondoa vumbi tu. Ya kwanza niliyoachiwa tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, mwalimu wa sekondari pale Katindo. Ilikuwa HP ya kazini, aliyoinunua ikiwa imetumika, na alikuwa ameimwagia kikombe kizima cha chai ya maziwa yenye sukari akiwa anaingiza pointi, yaani alama, za wanafunzi.

Alipoileta ilikuwa imeshakaa siku kadhaa ndani ya gunia la mchele. Jirani ndiye aliyemshauri hivyo. Kila mtaa una jirani anayeshauri mchele, na anakuwa na nia njema kabisa. Lakini mchele haufiki chini ya chipu, na hauwezi kunyonya sukari. Kinachofanyika ndani ya gunia ni kwamba muda unakwenda, na muda ndio adui. Kama laptopu yako imelowa leo, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka izime kabisa, na kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kisha ipeleke ifunguliwe. Usiiwashe “kuona kama bado iko sawa.”

Yaya hakuniuliza habari ya mashini. Aliuliza habari ya pointi.

“Mudogo yangu, hii kompyuta ikifa, ife. Lakini zile pointi za watoto, nitazitoa wapi tena?”

Kwa hiyo tuliokoa kwanza yale yaliyo ndani. Katika laptopu nyingi za kazini data haikai kwenye bodi yenyewe, ule ubao mkuu unaobeba chipu zote. Inakaa kwenye kadi ndogo ya SSD, ndefu kidogo kuliko kidole, iliyoshikwa na skrubu moja. Niliitoa, nikaisafisha meno yake kwa alkoli, nikaiacha ikauke vizuri, halafu nikaiweka kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Faili zote zilikuwepo. Hapo kuna jambo la kujua mapema: kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, kompyuta nyingine itakuomba ufunguo wa tarakimu 48, na mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashini. Ya yaya haikuwa imefungwa. Na kuna laptopu ambazo kumbukumbu yake imelehemewa kwenye bodi. Hizo bodi ikifa, data inakwenda nayo, na fundi anapaswa kumwambia mwenye mali hivyo kabla hajagusa kitu.

Pointi zilipokuwa salama, moyo wangu ulitulia, na bodi ikawa somo.

Muzee alinifanya nieleze kwanza, kabla sijashika chombo chochote, kwa nini mashini iliyozimwa bado inaweza kuharibika. Jibu lake ni hili. Laptopu ikizimwa, umeme haukatiki wote. Betri ikiwa imeunganishwa, kuna laini, yaani njia za umeme, ambazo hubaki hai usiku na mchana: ile inayotoka kwenye betri yenyewe, mara nyingi na zile za volti 3.3 na 5 zinazosubiri mtu abonyeze kitufe. Kuna pia betri ndogo ya duara ya volti 3, ile inayotunza saa. Pakiwa na chai kati ya sehemu yenye volti na sehemu isiyo na volti, chumvi zilizomo kwenye chai na maziwa huwa njia ya umeme. Shaba ya upande chanya huanza kuliwa, inasafiri ndani ya ule unyevu, na kujijenga upande wa pili kama nyuzi au unga wa kijani. Ndiyo maana madonda hayatawanyiki ovyo. Yanapenda mahali umeme ulipokuwa hai wakati wa kulowa. Ukilijua hilo, unajua pa kuanza kutafuta: karibu na tundu la chaja, karibu na kiunganishi cha betri, kuzunguka chipu ya kuchaji, na kuzunguka ile chipu ndogo inayosimamia kibodi na kitufe cha kuwasha.

Nilipogeuza bodi chini ya taa na lenzi ya kukuzia, niliona mambo matatu kwa wakati mmoja. Kulikuwa na utando wa kahawia unaonata, uliokauka kama ukingo wa sufuria ya chai. Kulikuwa na unga mweupe wa mchele kwenye viunganishi. Na kulikuwa na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano ambalo sisi wa Goma tunalifahamu, linaloingia kila mahali, likiwa limegandamana na sukari pembeni mwa chipu. Ukijumlisha, ni tope. Kona moja, karibu na tundu la chaja, kulikuwa na doa la kijani dogo kuliko punje ya mtama.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote, nami nasema ni sawa uchukue. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Alkoli ya isopropili, ile ya asilimia 99 ambayo mafundi tunaitegemea, haiyeyushi sukari. Inaondoa mafuta ya maziwa, inafukuza maji, inakauka upesi, lakini sukari inabaki pale pale, na sukari huvuta unyevu wa hewa. Bodi iliyomwagikiwa chai tamu au soda inahitaji maji kwanza, na alkoli baadaye. Maji yenyewe yawe yale yaliyotonezwa, yale ya kuongeza kwenye betri za gari, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Ya bomba hayafai, wala ya ziwa; maji ya Kivu yana madini mengi, na yakikauka yanaacha chumvi yake nyuma. Nilitoa betri kubwa na ile ndogo ya duara, nikatoa feni na kipoza joto, nikasugua kwa mswaki laini na maji hayo mpaka utando ukaacha kunata, halafu nikamwaga alkoli mara kadhaa ili isukume maji yatoke chini ya chipu. Kisha bodi ikakaa mahali penye hewa mpaka kesho yake. Kuikausha kwa moto mkali kungegandisha tu kilichobaki chini.

Kesho yake mkono ulikuwa unawasha. Pale kibandani kuna mashini ya hewa moto, na kijana anayeanza anatamani kuitumia: doa la kijani unaliona, chipu iko pembeni yake, kwa nini usiipashe, uibadilishe, umalize? Muzee alikaa kwenye kiti chake akauliza swali ambalo amekuwa akiniuliza tangu siku hiyo kwa kila mashini.

“Umepima nini?”

“Bado, Muzee.”

“Basi haujajua kitu. Joto haliulizi, joto linabadilisha. Pima kwanza.”

Kipimo cha kwanza kinafanyika bodi ikiwa haina umeme wowote. Unaweka multimeta, kile chombo cha kupimia umeme, kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye masi, yaani upande hasi wa bodi, na nyingine unaigusisha kwenye kila koili kubwa, moja moja. Koili ni zile boksi za kijivu zenye ukubwa wa jino, na kila moja ni lango la laini fulani. Laini kuu ya volti 19 ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti, na mara nyingi ni kapasita moja ya kauri iliyopasuka au kulowa. Ya kwetu ilisoma juu sana, maana yake haina shoti. Ya volti 3.3 na ya volti 5, nazo nzuri.

Halafu nikafika kwenye koili za prosesa. Multimeta ikasoma omu chache tu. Kwa mtu aliyetoka kwenye simu, namba hiyo inashtua, unadhani umempata mgonjwa. Muzee akaniambia nisome tena na nifikiri. Prosesa ina mabilioni ya swichi ndani yake zinazokula umeme kwa volti moja hivi. Ukinzani wake mbele ya masi ni mdogo kwa kawaida yake, ikiwa nzima kabisa. Kama una bodi nyingine ya aina hiyo hiyo iliyo salama, linganisha. Kama huna, usihukumu koili ya prosesa kwa namba ndogo peke yake. Nadhani bodi nyingi zimechomwa bure kwa sababu ya namba hiyo.

Niseme jambo pembeni kidogo. Nikiwa nimeinama juu ya zile koili, niliziona kapasita za tantali, zile za pembe nne zenye mstari upande mmoja. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, Masisi, si mbali na hapa. Bati la kulehemu hutoka kwenye kasiteriti, na kasiteriti inachimbwa Bisie, Walikale. Sijui kama chembe za bodi ile zilitoka kwetu, wala sihitaji kujua ili nione uchungu wa jambo lenyewe: madini yanaondoka hapa kwa gunia, na kijana wa hapa anahesabiwa kuwa mtu wa kubadilisha kioo tu. Nataka tujue bodi inavyofanya kazi. Hilo naliwaza kila ninaposhika kibano.

Turudi mezani. Kwa kuwa hapakuwa na shoti, sasa tuliruhusiwa kuweka umeme. Muzee hatumii chaja mara ya kwanza. Anatumia mashini ya kutoa umeme inayoonyesha ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, na inayoweza kuwekewa kikomo, ili kama kuna kitu kibaya kisipewe nguvu ya kuungua. Tuliweka volti 19.5, kama ilivyoandikwa kwenye chaja yake. Ampea zilibaki karibu na sifuri. Taa ya pembeni mwa tundu haikuwaka.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba bodi inasomwa kwa kufuata njia. Umeme unaingia kwenye tundu, unapita mosifeti ya kwanza, yaani swichi ndogo ya umeme, unapita ya pili, unapita rezista nene ya kupimia mkondo, ndipo unakuwa laini kuu inayolisha kila kitu. Nikapima tundu: 19.5. Kabla ya mosifeti ya kwanza: 19.5. Baada yake: hakuna kitu. Mlango umefungwa. Mtu mwenye haraka angebadilisha mosifeti hiyo, na wapo wanaofanya hivyo, na mashini inabaki vile vile. Mosifeti ni mlango tu, nao unafunguliwa na mwingine. Geti yake, yaani pini inayoifungua, ilikuwa na sifuri, na kwa aina hii geti inapaswa kuwa kama volti 6 juu ya ile 19.5 ili ifunguke. Kwa hiyo aliyepaswa kuifungua, yaani chipu ya kuchaji, ndiye aliyekuwa amekataa.

Chipu hiyo ni ya Texas Instruments, ya familia ya BQ24, na karatasi zake za maelezo zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Muzee alikuwa na mchoro wa bodi kwenye kompyuta yake, akaufungua, akaniachia nitafute. Chipu ina pini inayoitwa ACDET ambayo kazi yake ni kuuliza: je, chaja halali imeunganishwa? Haisomi volti 19.5 moja kwa moja. Inasoma sehemu yake tu, kupitia rezista mbili zilizofuatana: ya juu ya kilo-omu 430, ya chini ya kilo-omu 66.5. Chukua 19.5, zidisha kwa 66.5, gawanya kwa 496.5 ambayo ni jumla yao: unapata volti 2.6. Chipu inataka zaidi ya 2.4. Ikizipata, inafungua milango. Ikizikosa, inakaa kimya, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Nilipima pini ile. Ilisoma volti 0.2.

Siwezi kueleza vizuri furaha ya namba ile. Hapo nyuma nilikuwa na laptopu iliyokufa. Sasa nilikuwa na swali dogo lenye majibu mawili tu: ama rezista ya juu imekatika, ama kuna kitu kinavuta pini kwenda masi. Nikafuata mchoro mpaka mahali rezista ya juu inapokaa, na ilikuwa pale pale kwenye lile doa la kijani. Ni kipande cha milimita 1 kwa nusu milimita. Nilipoigusa kidogo kwa kibano, upande mmoja ulibaki kwenye bodi na mwingine ukaja na kibano. Chai ilikuwa imekula ncha yake.

Rezista za ukubwa huo haziandikwi thamani juu yake, kwa hiyo huwezi kuokota yoyote kwenye boksi la vyuma chakavu. Tuna katoni ya bodi zilizokufa pale kibandani. Nilitafuta yenye chipu ya familia ile ile, nikafungua mchoro wake, nikaitoa rezista inayofanya kazi ile ile, nikaipima ikiwa nje ya bodi: 430. Kabla ya kuiweka nilikwaruza kutu kwenye vile vikanyagio vyake viwili, mahali inapokalia kwenye bodi, mpaka shaba ikang’aa, nikaweka flaksi, dawa ya kusaidia bati lishike, nikaweka bati jipya. Umeme wa mtaa ulikatika katikati ya kazi, kama kawaida, tukasubiri. Uliporudi nililehemu ncha moja, nikanyoosha, nikalehemu ya pili. Mashini ya hewa moto haikuguswa kabisa.

Tuliweka volti 19.5 tena. Pini ile ikasoma 2.6. Geti ikapanda juu ya 25. Taa ya pembeni mwa tundu ikawaka. Nikapima laini ya 5, ipo, ya 3.3, ipo. Nikabonyeza kitufe. Ampea zikapanda, zikashuka, zikawa zinacheza juu na chini. Muzee alinionyesha kwa kidole: mchezo huo wa ampea ni dalili ya prosesa inayosoma maagizo yake. Ampea zikikwama kwenye namba moja bila kutikisika, mara nyingi kuna laini iliyokosekana njiani.

Kioo kilibaki cheusi kwa muda, mashini ikajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo pia mtu anaweza kuogopa na kuchomoa. Betri ndogo ya saa ikiwa ilitolewa, mashini husahau mipangilio yake na huanza kujifunza upya memori ya RAM. Mara ya kwanza huchelewa. Baadaye maandishi yakatokea, yakilalamika kwamba saa na tarehe si sahihi.

Kibodi haikuokoka. Herufi zilikuwa zinajiandika zenyewe, na kibodi ya laptopu ikishakunywa chai tamu, kuisafisha ni kupoteza siku. Iliyopatikana Birere ilikuwa ya mpangilio wa QWERTY, na yaya amezoea AZERTY tangu shuleni. Aliichukua hivyo hivyo, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, akaweka Windows isome mpangilio wa Kifaransa, vidole vyake vinajua njia hata kama maandishi juu ya vitufe yanasema kingine.

Aliniuliza kama sasa imepona kabisa. Nilimjibu kweli kama ninavyoijua: nimeona juu ya bodi na pembeni mwa chipu, sijaona chini ya kila chipu. Kutu iliyobaki mahali fulani inaweza kuendelea polepole. Kwa hiyo nakala ya pointi iwe pia kwenye diski ya nje, na mashini irudi kwangu niifungue tena.

Aliirudisha baada ya mitihani. Nilitoa betri kabla ya kitu kingine chochote, nikapita bodi nzima kwa lenzi. Pembeni mwa chipu inayosimamia kibodi kulikuwa na doa jeupe dogo ambalo mara ya kwanza halikuwepo. Nikalisafisha kwa maji yale ya betri, kisha alkoli, nikapima laini ya 3.3 mbele ya masi, ikasoma kama ilivyosoma mwanzo. Namba zote nimeziandika kwenye daftari, chini ya jina la bodi ile, ili nikiifungua tena niwe na cha kulinganisha.